Kulinda nyumba za bei nafuu mtaani kwako: mwongozo wa mpangaji wa Nairobi

Siku waliyokuja kutuhesabu mtaani kwetu Eastlands ilikuwa Jumanne, saa nne na nusu asubuhi. Walikuwa vijana wanne wenye vizibao vya manjano na mkebe wa rangi nyekundu. Mlango ukifunguliwa, waliandika jina na kupaka namba ukutani. Usipofunguliwa, walipita. Jirani yangu wa mlango wa tatu hufua nguo za watu South B. Aliporudi jioni alikuta ukuta wake mtupu, katikati ya kuta mbili zenye namba. Amelipa kodi ya chumba hicho miaka kumi na mitatu. Ilituchukua miezi saba ya kwenda na kurudi mpaka jina lake likaingia kwenye orodha ya wapangaji, na kuna wenzake wawili ambao hawakuingia hadi leo.

Kabla ya hapo nilidhani sera ya nyumba hufa siku inapofutwa bungeni. Sasa naona hufa kimya kimya zaidi. Maandishi hubaki mazuri vilevile, lakini yule aliyeandikiwa anakosekana kwenye orodha, hakuambiwa tarehe ya kikao, na hana risiti ya kuonyesha kwamba aliwahi kuishi hapo. Hatua ninazoeleza hapa zote zinalenga pengo hilo.

Kwanza, jua umeahidiwa nini

Ibara ya 43 ya Katiba ya 2010 inampa kila mtu haki ya makazi yanayofaa. Haki hiyo haijafungwa kwa wenye hatimiliki. Mpangaji yumo.

Kisha kuna Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu, iliyotiwa sahihi tarehe 19 Machi 2024. Sheria hii ndiyo inayokata asilimia 1.5 ya mshahara, na mwajiri anaongeza kiasi hicho hicho. Askari wa mlangoni anayepata shilingi 18,000 anakatwa 270 kila mwezi, na mwajiri wake anatoa 270 nyingine. Kwa hiyo ukiuliza nyumba zinajengwa kwa ajili ya nani, unauliza juu ya pesa yako. Sheria hiyo hiyo imetenga kundi la nyumba za kijamii kwa anayepata chini ya shilingi 20,000 kwa mwezi. Kundi la pili ni la wanaopata kati ya 20,000 na 149,000, na juu ya hapo ni la tabaka la kati. Shika mstari huo wa 20,000 akilini, maana utauhitaji kwenye kila kikao. Mradi unaweza kuitwa wa bei nafuu na usiwe na chumba hata kimoja cha kundi la kwanza.

Hatua ya 1: Tengenezeni daftari lenu wenyewe

Msingoje kuhesabiwa. Nunueni daftari gumu la kurasa 200, lile la mistari ambalo wenye maduka hutumia kuandika madeni. Chagueni watu wawili kwa kila block au kila ploti, ikiwezekana mama mmoja na kijana mmoja. Mama anajua nani anaishi wapi, na kijana hachoki kupanda ngazi. Pigeni mlango kwa mlango saa moja jioni hadi saa tatu, na tena Jumapili baada ya kanisa, kwa sababu hapo ndipo watu wako nyumbani.

Kila mstari uwe na namba ya nyumba au chumba, jina kama lilivyo kwenye kitambulisho, mwaka wa kuingia, kodi ya mwezi, anayelipwa hiyo kodi, idadi ya watoto na shule wanayosoma, na kama kuna mgonjwa, mzee au mlemavu. Mwisho, sahihi au alama ya kidole. Shule ni muhimu kuliko inavyoonekana: mkiambiwa mhamie upande mwingine wa jiji, hapo ndipo mtaweza kuonyesha ni watoto wangapi watakatiwa masomo katikati ya muhula.

Kuna jambo moja litakalowagombanisha, na ni heri mgombane mapema. Katika mitaa ya zamani ya kaunti, kama Kaloleni, Bahati, Jericho, Maringo au Ziwani, kuna yule mwenye kadi ya kodi, aliyeipata au aliyerithi kwa wazazi. Kuna pia wanaoishi kwenye vyumba vya mabati vilivyoongezwa nyuma, wanaomlipa huyo mwenye kadi. Wenye kadi huogopa kwamba wa mabati wakiandikwa watagawana nyumba. Nimekaa vikao vitatu vya ugomvi huo, na msimamo wangu haujabadilika: waandikeni wote, kila mmoja katika safu yake, mwenye kadi na mpangaji wa mpangaji. Afisa akikuta mmegawanyika atashughulika na kundi dogo lenye makaratasi, na wengine watatolewa na hao hao majirani zao. Waliotolewa hawatakuwepo siku nyinyi mtakapohitaji watu mia mbili ukumbini.

Mukuru walionyesha kwamba kujihesabu kunazaa matunda. Wakazi wa Mukuru kwa Njenga, Mukuru kwa Reuben na Viwandani walikusanya takwimu zao wakiwa na Muungano wa Wanavijiji, shirikisho la wakazi wa mitaa ya mabanda, na mashirika mengine. Agosti 2017 kaunti ikatangaza eneo lote kuwa la mpango maalumu. Familia zipatazo 100,000 zilijipanga kwa vikundi vya nyumba kumi kumi ili kila mlango uwe na mtu wa kuusemea. Tangazo hilo halikuwa ngao kamili, kwani Novemba 2021 sehemu ya Mukuru kwa Njenga ilibomolewa kupisha barabara na maelfu wakalala nje. Lakini asiye na hesabu yake hata hoja ya kuanzia hana.

Daftari lina siri za watu. Lisipigwe picha likatupwa kwenye WhatsApp ya mtaa. Tengenezeni nakala mbili, mziweke nyumba mbili tofauti, na mmoja wa watunzaji asiwe mwanasiasa wala mtu wa mwanasiasa.

Hatua ya 2: Kusanya risiti

Kodi ikilipwa kwa M-Pesa, omba taarifa ya miaka uliyolipa na uichapishe. Kama unamlipa msimamizi wa ploti mkononi, mwambie aandike kwenye kijitabu na atie sahihi kila mwezi. Akikataa, lipa kwa simu. Weka pamoja bili ya maji, tokeni za stima, kadi ya kliniki ya mtoto yenye jina la mtaa, na barua ya chifu ikiwa unayo. Bahasha moja ya plastiki inatosha, na ikae mahali utakapoichukua kwanza moto ukitokea.

Hatua ya 3: Omba karatasi za mradi kwa maandishi

Ukisikia mtaa wenu "utaboreshwa", usitosheke na maneno ya baraza la chifu. Ibara ya 35 ya Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 zinakuruhusu kuomba habari kwa Kiswahili, bila kueleza kwa nini unazitaka, na bila kulipia ombi. Haki hii ni ya raia, kwa hivyo atie sahihi mtu kwa jina lake na namba ya kitambulisho, hata kama kamati nzima iko nyuma yake. Barua inaweza kuwa fupi hivi:

*Kwa Katibu wa Kaunti, Serikali ya Kaunti ya Jiji la Nairobi.*

*KUH: OMBI LA HABARI KUHUSU MRADI WA NYUMBA KATIKA MTAA WA …*

*Mimi ni mpangaji katika mtaa huu. Chini ya Ibara ya 35 ya Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, naomba nakala za: mkataba kati ya kaunti na mjenzi, hasa vifungu vya idadi, ukubwa na bei ya nyumba, idadi ya nyumba zilizotengewa wenye kipato cha chini ya shilingi 20,000, maelezo ya jinsi orodha ya wapangaji ilivyoandaliwa, na lini kila mpangaji ataruhusiwa kukagua jina lake, kumbukumbu za vikao vya maoni ya umma, na ripoti ya athari kwa mazingira. Naomba nijibiwe ndani ya siku 21.*

Ipeleke wewe mwenyewe na nakala ya pili. Nakala hiyo ipigwe muhuri wa kupokea wenye tarehe. Kama hakuna muhuri, mpokeaji wa barua aandike jina na tarehe kwa mkono. Siku 21 zinahesabiwa kuanzia hapo. Wanaweza kuongeza siku 14 mara moja tu. Wakinyamaza au wakikataa, una siku 30 za kupeleka malalamiko kwa Tume ya Haki za Kiutawala, ile tunayoiita Ombudsman. Kama mradi ni wa serikali kuu, barua ya namna hiyo hiyo iende kwa Bodi ya Nyumba za Bei Nafuu.

Wakati mnangoja, gawaneni kazi ya kusoma. Matangazo ya serikali hutoka kwenye gazeti la MyGov siku ya Jumanne, na Gazeti Rasmi la Kenya hutoka Ijumaa. Mtu mmoja mwenye bando asome kila wiki akitafuta jina la mtaa na namba ya ploti, maana mara nyingi tangazo hutaja namba ya ardhi bila kutaja jina mnalolijua.

Hatua ya 4: Fuata kalenda ya bajeti

Hapa ndipo tumepoteza mara nyingi. Tunakuja kulia Juni, na maamuzi yalifanyika Agosti. Kaunti hupeleka mpango wake wa maendeleo wa mwaka kwenye bunge la kaunti kufikia Septemba 1. Mkakati wa fedha unafuata kufikia Februari 28, makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30, na bajeti inapaswa kupitishwa kabla ya Juni 30. Mkitaka kitu, kianze kwenye mpango wa Septemba, kwa hivyo barua yenu ifike Julai au Agosti.

Ombeni nini? Mimi ningeanza na matengenezo. Mtaa wa kaunti hauharibiki kwa siku moja. Bomba la maji taka hupasuka, halirekebishwi mwaka mmoja, mitano, kumi, choo cha block kinafungwa, kisha mtu anasimama jukwaani kusema nyumba hizi hazifai binadamu na lazima zibomolewe. Kila shilingi ya ukarabati inayoingia kwenye bajeti inalinda nyumba ya bei nafuu ambayo tayari ipo, na ambayo kodi yake mnaimudu. Pigeni picha ya kila bomba lililopasuka, mwandike tarehe mliyoripoti, na mweke hayo yote kwenye barua ya Julai.

Hatua ya 5: Nendeni kwenye kikao cha maoni mkiwa mmejiandaa

Maoni ya umma si hisani. Ibara ya 10 inayataja miongoni mwa maadili ya taifa, na Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inayafanya kuwa ya lazima katika mipango ya kaunti. Mkiitwa Jumatano saa tatu asubuhi, andikeni mkiomba Jumamosi alasiri. Mkiletewa karatasi za Kiingereza, ombeni zielezwe kwa Kiswahili mbele ya wote.

Mlangoni mtapewa fomu ya mahudhurio. Soma kichwa chake kabla ya kalamu kugusa karatasi. Nimeona fomu iliyoandikwa juu kabisa "wakazi waliokubali mradi", na watu walikuwa wanatia sahihi wakidhani ni ya soda na nauli. Andika kando ya jina lako: "Nimehudhuria tu." Kisha piga picha ukurasa mzima.

Ndani, msiongee wote. Wasemaji watatu, kila mmoja na jambo moja.

Wa kwanza aulize nafuu ni kwa nani, na afanye hesabu hadharani. Mama mboga anayepata shilingi 15,000 kwa mwezi hawezi kutoa zaidi ya theluthi, yaani 5,000, kwa nyumba na maji na ada ya usafi zote pamoja. Je, kuna chumba cha bei hiyo kwenye mradi huu, na ni vingapi? Amana ya kuanzia ni kiasi gani, na inalipwa kwa mkupuo au kidogo kidogo?

Wa pili aulize juu ya kupanga. Mpango mkuu wa taifa umejengwa juu ya kununua: unajisajili Boma Yangu, tovuti ya serikali ya nyumba hizi, unaweka akiba, unalipa kila mwezi mpaka nyumba iwe yako. Kwa mwenye mshahara wa kudumu hiyo ni njia njema. Kwa kibarua wa mjengo ambaye Januari hana kazi, miezi mitatu ya kukosa inaweza kumtoa. Ndiyo maana napigania kwamba sehemu ya nyumba zibaki za kupangisha, mali ya umma, kwa kodi inayofuata kipato. Dai hili liandikwe kwenye kumbukumbu kwa maneno hayo.

Wa tatu aulize tutaishi wapi wakati wa ujenzi, na tutarudi kwa karatasi gani. Historia ya Kibera ikumbukwe hapa. Septemba 2009 familia za Soweto Mashariki zilihamishiwa nyumba za muda Lang'ata ili kupisha ujenzi, na nyumba 822 za Soweto zilikabidhiwa Julai 2016. Mtoto aliyehama akimalizia chekechea alirudi akiwa darasa la saba. Kwa hivyo barua ya kurudi iwe na jina la mpangaji, namba ya nyumba ya zamani, aina ya nyumba mpya, bei au kodi yake, na nini kitafanyika mradi ukichelewa. Itolewe kabla mtu hajafunga virago.

Hatua ya 6: Peleka ombi Bunge la Kaunti

Kikao kikipuuzwa, Kifungu cha 15 cha Sheria ya Serikali za Kaunti kinampa mtu yeyote haki ya kuliomba bunge la kaunti lishughulikie jambo lililo chini yake. Ombi linaweza kuwa kwa Kiswahili. Liwe la heshima, lieleze shida, hatua mlizochukua na majibu mliyopata, na kama jambo liko mahakamani au haliko. Malizeni na mnachotaka hasa, kwa sentensi mbili tatu. Kila ukurasa wa sahihi urudie kichwa cha ombi juu, vinginevyo mtu atadai kurasa zilitoka kwingine. Mpelekeeni karani wa bunge, na mpeni mwakilishi wa wadi yenu nakala. Kuna wadi 85 Nairobi. Tafuteni pia wawakilishi wa wadi jirani zenye mitaa kama yenu, kwani mmoja peke yake hupuuzwa kwa urahisi.

Hatua ya 7: Notisi ikibandikwa

Usiing'oe. Ipige picha ikiwa ukutani, pamoja na tarehe, na uandike nani aliibandika.

Anayedaiwa kukaa kwenye ardhi bila idhini lazima apewe notisi ya maandishi ya miezi mitatu, kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi kama ilivyorekebishwa 2016. Sheria hiyo inataka pia maafisa wajitambulishe, wawe na idhini rasmi, na waheshimu utu wa watu, hasa wazee, watoto na walemavu. Mpangaji wa chumba cha kodi isiyozidi shilingi 2,500 analindwa na sheria ya zamani ya kudhibiti kodi, Sura ya 296: mwenye nyumba hawezi kumtoa bila amri ya Baraza la Kodi. Kiwango hicho kimepitwa na wakati na kinapaswa kupandishwa, lakini bado kuna vyumba vya mabati ambavyo kinavifunika, na wengi waliomo hawajui.

Ikiwa mmepewa siku chache tu, kimbilieni mahakamani siku hiyo hiyo. Ibara ya 22 inasema kesi ya haki za msingi haitozwi ada ya kuifungua, na mahakama inaweza kuanza hata kwa barua isiyo na umbo rasmi. Kituo cha Sheria husaidia wasio na uwezo wa wakili, na kuna Huduma ya Taifa ya Msaada wa Kisheria. Hapo ndipo daftari na bahasha za risiti zinapofanya kazi, kwa kuwa jaji ataanza kwa kuuliza nyinyi ni akina nani na mko wangapi.

Mwambieni wakili azitazame kesi mbili. Moja ni ya wapangaji wa Muthurwa, waliokuwa wakilipa kodi na bado wakaamriwa kuhama 2010. Mahakama Kuu iliamua 2013 kwamba haki yao ya makazi ilikiukwa. Nyingine ni ya Mitu-Bell, iliyozaliwa na ubomoaji wa kijiji cha Mitumba karibu na Uwanja wa Ndege wa Wilson Novemba 2011. Mnamo Januari 2021 Mahakama ya Juu ilisema kwamba hata walioingia kwenye ardhi ya umma bila hati wana haki ya makazi inayoweza kulindwa na mahakama, na kwamba mahakama inaweza kuendelea kusimamia utekelezaji wa amri zake.

Hatua ya 8: Nyumba zikishajengwa, kamati isivunjwe

Soweto Mashariki baadhi ya waliopewa nyumba walizipangisha kwa wenye kipato kikubwa zaidi, wakarudi vyumba vya bei ya chini. Siwalaumu, njaa ina sauti kubwa. Lakini nyumba ikishaondoka hivyo, imeondoka kwa wote waliokuwa wakingoja foleni. Sheria ya 2024 inakataza mnunuzi kuuza nyumba yake bila kibali cha maandishi cha Bodi. Iulizeni Bodi kwa barua, kila baada ya miezi sita, imetoa vibali vingapi katika mtaa wenu, na nyumba za kijamii zilizotajwa kwenye mkataba bado ni ngapi. Linganisheni na daftari. Jirani yangu yule anayefua nguo South B ndiye anayeitunza nakala ya pili sasa, na kila Jumapili ya mwisho wa mwezi hupita mlango kwa mlango akiuliza nani amehama, nani ameingia, na kodi imefika ngapi.